Vipaji Vyetu Altareni na Vijisarafu vya Mjane
Dominika ya 32 ya Mwaka B
Masomo: 1Fal 17:10–16, Ebr 9:24–28, Mk 12:38–44



Twawasalimu nyote mliojaliwa kutusikiliza asubuhi hii ya Dominika: ninyi mnaojiandaa kwenda kanisani, ninyi makatekista mtakaoongoza ibada vigangoni kwa kuwa padre hatafika leo, ninyi wagonjwa mlio vitandani, ninyi mlio gerezani, nanyi akina mama mnaotusikiliza huku mkikoleza moto wa chai. Amani ya Bwana iwe nanyi.

Masomo ya leo yanatuletea wajane wawili. Wa kwanza aliishi Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Hakuwa Mwisraeli, na njaa ilikuwa imemfikisha mwisho. Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akaenda kuokota kuni ili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, kisha wangoje kufa. Hapo nabii Eliya akamwomba mkate. Wa pili alikuwa Yerusalemu, akapita mbele ya sanduku la hazina ya hekalu na kutia vijisarafu viwili vya shaba. Wajane hawa hawakujuana, na kati yao ilipita miaka zaidi ya mia nane, lakini Kanisa limewaweka pamoja katika Dominika hii ili watufundishe jambo moja, yaani maana ya kumtolea Mungu kilicho chetu.

Wayahudi wa kale wanasimulia kwamba katika hekalu palikuwa na masanduku 13 ya sadaka, yenye midomo iliyofanana na tarumbeta. Fedha nyingi ikitiwa humo, bila shaka ililia, na watu wakageuka kutazama. Vijisarafu vya yule mjane havikuweza kumgeuza mtu yeyote. Mshahara wa kibarua kwa siku moja ulikuwa dinari moja, navyo viwili vile vilikuwa sehemu moja tu kati ya sehemu 64 za dinari. Kwa kibarua afanyaye kazi saa kumi na mbili, hayo ni malipo ya dakika kumi na moja hivi. Lakini Bwana wetu, aliyekuwa ameketi kulielekea sanduku, alimwona. Akawaita wanafunzi wake, akawaambia ya kuwa mwanamke yule ametoa kuliko wote, kwa sababu wengine walitoa katika ziada yao, naye alitoa riziki yake yote.

Ndugu wapendwa, mara nyingi sisi mapadre tumeisoma Injili hii na kuigeuza haraka kuwa fimbo ya kuwahimiza waamini watoe zaidi. Tumeanzia kwenye sanduku la sadaka, tukaruka maneno yaliyotangulia. Tusifanye hivyo leo. Kabla ya kumsifu mjane, Yesu aliwaonya watu juu ya waandishi, yaani wataalamu wa dini, waliopenda mavazi marefu, salamu za sokoni na viti vya mbele, huku wakila nyumba za wajane. Mwinjili Marko ameyaweka maneno hayo mawili pamoja kwa makusudi. Mjane anasifiwa, na papo hapo wanaopokea sadaka yake wanaonywa. Kwa hiyo Injili ya leo inawahusu waamini wanaotoa, na kabla yao inatuhusu sisi tunaopokea.

Tutazame kwanza jinsi Wakristo wa mwanzo walivyoleta vipaji vyao. Yapata mwaka 155, Mtakatifu Yustino, mwalimu mlei aliyekuja kufa shahidi huko Roma, alimwandikia Kaisari kueleza Wakristo wanafanya nini siku ya Jua, yaani Dominika. Anaeleza kwamba baada ya masomo na mafundisho na sala, huletwa mkate, na divai na maji. Kisha anaongeza kwamba wenye uwezo, kila mmoja kwa hiari yake, hutoa anachopenda, nacho huwekwa kwa kiongozi wa ibada, ambaye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ona basi, tangu mwanzo huo meza ya Bwana na tumbo la maskini vilikaa mahali pamoja. Hapakuwa na Ekaristi huku na matendo ya huruma kule.

Miaka mia moja baadaye, huko Karthago katika Afrika ya Kaskazini, Mtakatifu Sipriani, askofu na shahidi, alimkemea mwanamke tajiri aliyekuwa akija kanisani bila kuleta chochote. Alimwonyesha kwamba anaposhiriki meza ya Bwana anakula sehemu ya sadaka iliyoletwa na maskini. Kisha akamwelekeza amtazame mjane wa Injili yetu ya leo. Naye Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, anamkumbuka mama yake Monika kuwa ni mtu asiyeacha hata siku moja kupeleka kipaji chake altareni.

Baadaye, katika Misa ya Baba Mtakatifu huko Roma, vitabu vya ibada vya karne ya nane hivi vinaonyesha jinsi Papa mwenyewe pamoja na wahudumu wake walivyoshuka kupokea mkate na divai kutoka mikononi mwa waamini. Waimbaji nao walikuwa na kipaji chao. Wao walitoa maji, yale yanayochanganywa na divai katika kikombe. Wanakwaya mnaotusikiliza, likumbukeni jambo hilo. Hata maji ya kisimani yalikuwa na mahali pake mbele ya Mungu.

Kadiri karne zilivyopita, desturi hiyo ilififia. Katika Kanisa la Magharibi ulianza kutumika mkate usiotiwa chachu, uliotengenezwa kwa uangalifu katika monasteri, na mkate wa nyumbani haukuletwa tena. Mahali pake ikaingia fedha. Waamini wakawa watazamaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka taifa la Mungu lishiriki kwa ukamilifu, kwa kujua na kwa matendo. Misale mpya ya Papa Paulo wa Sita ikarudisha maandamano ya vipaji. Maelekezo ya Misale yanakiri kwamba waamini hawaleti tena mkate na divai zao kama zamani, lakini yanafundisha kwamba tendo lenyewe la kuvipeleka altareni limehifadhi nguvu na maana yake ya kiroho.

Pengine mmoja wenu atauliza, "Baba, mimi hulima mihogo. Ngano siijui, na zabibu sijawahi kuiotesha. Hostia zinatengenezwa na masista mjini, divai inanunuliwa dukani. Hapo changu ni kipi?" Ni swali zuri. Kanisa linashika mkate wa ngano na divai ya mzabibu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyotumia Bwana, na hatuna ruhusa ya kubadili. Lakini sikilizeni kwa makini maneno ambayo padre huyasema anapoinua patena. Anamshukuru Mungu kwa mkate uliotoka katika ardhi na katika kazi ya wanadamu. Hasemi kazi ya mkulima wa ngano wa Hanang peke yake, wala ya mkulima wa zabibu wa Dodoma. Kazi ya wanadamu ni jembe lako la mihogo, ni wavu wa mvuvi, ni cherehani ya fundi, ni chaki ya mwalimu, ni usiku wa mama anayemlea mtoto mgonjwa. Hostia ile ndogo inabeba vyote hivyo. Na yule anayeibeba kutoka nyuma ya kanisa mpaka mbele, anatubeba sote.

Hapo twapenda kuwasimulia jambo lililotupata wenyewe, nasi twalisimulia kwa kujilaumu.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukihudumu katika parokia moja ya vijijini. Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilikuwa zimeshindana kuleta vipaji: mbuzi, debe za mahindi, mikungu ya ndizi, kreti za soda. Kwaya iliimba, akina mama walipiga vigelegele, na sisi tulisimama mbele ya altare tukipokea kwa furaha. Baada ya Misa ukafanyika mnada nje ya kanisa, kama ilivyo desturi mahali pengi, ili vitu vigeuzwe fedha za kumalizia paa. Mnadi alikuwa mtu mcheshi sana. Alipomaliza mbuzi na madebe, akainua kikapu kidogo chenye mayai matano ya kuku wa kienyeji, akayatazama, akauliza kwa sauti kubwa kama hayo ni mayai ya kuku au ya njiwa. Watu wakacheka. Sisi nasi tulikuwa tumeketi kivulini na wageni, tukacheka. Mayai yakauzwa kwa bei ya kutupa.

Dominika nne zikapita. Katekista akatuambia kwamba bibi mmoja mjane, ambaye hakuwahi kukosa Misa, haonekani. Tukadhani ni mgonjwa, tukafunga safari kwenda kwake pamoja na katekista. Alitupokea kwa heshima, akatutandikia mkeka, akatupa uji. Tukamwuliza habari za afya. Akasema yeye mzima. Tukamwuliza mbona haji kusali. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, mjukuu wangu aliugua surua, nikaweka nadhiri. Kuku wangu ni mmoja. Yale mayai sikuyaleta mnadani. Nilimletea Mungu."

Ndugu zangu, hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa na shahada ya seminari kuu, tulikuwa tumefundishwa liturujia na teolojia ya sadaka, na tulikuwa tumeihubiri Injili ya mjane si chini ya mara sita au saba. Mjane mwenyewe alipokuja, tulimcheka. Tulimwomba radhi, yeye akiwa ameketi kizingitini na katekista akishuhudia. Akatusamehe. Alirudi Misani, lakini mpaka tulipohamishwa kwenda parokia nyingine hatukumwona tena akiandamana na kipaji mkononi. Jambo hilo lingali likituuma hata leo.

Kutokana na hayo tuliketi na halmashauri ya walei, tukakubaliana mambo kadhaa. Twayaleta kwenu, hasa kwenu makatekista na viongozi wa jumuiya, maana yaweza kuwafaa.

Kwanza, kipaji kilicholetwa mbele ya altare ni cha Mungu tangu hapo. Ikiwa ni lazima kiuzwe, kiuzwe kwa adabu. Hatukatai mnada. Makanisa mengi na zahanati nyingi zimejengwa kwa mnada wa namna hiyo. Lakini kisiwepo kicheko juu ya mali ya mtu, wala mashindano ya kumwaibisha aliye na kidogo. Tena si lazima kila kitu kiuzwe. Katika parokia ile tuliamua kwamba mayai, maziwa, unga na matunda visiende mnadani, bali vipelekwe siku ileile kwa wagonjwa na wazee wa jumuiya. Ndivyo alivyotueleza Mtakatifu Yustino. Hati ya Kanisa ya mwaka 2004 juu ya mambo ya kushika na kuepuka katika Ekaristi inatukumbusha kwamba vipaji vya waamini vyaweza kuwa fedha au vitu vingine kwa ajili ya kuwasaidia maskini, na kwamba kile kinachoonekana kwa nje kiwe ishara ya moyo uliotubu na kumpenda Mungu na jirani.

Pili, kila kitu kiwe mahali pake. Mkate na divai huwekwa juu ya altare. Fedha na vitu vingine huwekwa mahali panapofaa, mbali na meza ya Ekaristi. Nanyi makatekista mnaoongoza ibada ya Dominika bila padre, kumbukeni kwamba katika ibada hiyo hatuandai mkate na divai wala hatutumii Sala ya Ekaristi. Hata hivyo michango kwa ajili ya maskini na mahitaji ya Kanisa yaweza kukusanywa, na waamini wafundishwe kuiunganisha na sadaka ya Kristo wanayoingoja.

Tatu, majina na viwango visisomwe kanisani kwa namna ya kuwapanga watu mistari, aliyetoa kikubwa mbele na asiyetoa nyuma. Risiti itolewe, daftari liandikwe vizuri, lakini mimbari isiwe ubao wa matangazo ya fahari. Wala asiwepo mtu wa kunyimwa Sakramenti kwa sababu hana fedha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema wazi, katika kanuni ya 848, kwamba mhudumu asidai zaidi ya kile kilichopangwa na wenye mamlaka, na aangalie sana wahitaji wasikose msaada wa Sakramenti kwa ajili ya umaskini wao.

Nne, nasi tunaopokea tutoe hesabu. Kanuni ya 1267 inasema kwamba kilichotolewa na waamini kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni ya 1287 inawaagiza wasimamizi wa mali ya Kanisa kuwapa waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Kwa hiyo muumini anayeuliza fedha ya paa imefika wapi, hatukani Kanisa. Anatimiza haki yake, na anatusaidia tusiwe miongoni mwa wale waandishi wenye mavazi marefu.

Wapendwa, lingali jambo moja kubwa. Katika Injili ya Matayo, Bwana wetu anatuagiza kwamba tukileta sadaka altareni na hapo tukakumbuka kuwa ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka, twende kwanza tukapatane. Wenzetu wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walipewa na Roma mwaka 1988 utaratibu wa Misa unaofuata utamaduni wao. Humo tendo la toba na kupeana amani vimewekwa kabla ya maandamano ya vipaji, ili watu wapatane kwanza, ndipo wachukue vikapu vyao na kwenda mbele kwa wimbo na kwa kucheza. Hata sisi tusio na utaratibu huo tunalo fundisho. Mbuzi mnono wa mtu aliyemdhulumu nduguye shamba hatufai kitu. Debe la mahindi la yule ambaye hajamlipa kibarua wake ni mzigo juu ya altare. Lipa kwanza, patana kwanza, kisha uje.

Msidhani, enyi mlio na mali, kwamba twawadharau. Kanisa linawashukuru, na vijiji vyetu vyajua ni nani aliyetoa bati na saruji. Bwana hakuwafukuza matajiri kwenye sanduku la hazina. Alichosema ni kwamba yeye hapimi kilichotoka mfukoni, hupima kilichobaki. Basi ulizaneni mioyoni kilichobaki kwenu kinamfaa nani.

Nanyi msio na kitu, mnaokaa nyuma ya nguzo vipaji vinapoandamana kwa kuwa mikono yenu mitupu, tusikilizeni. Somo la pili limetuambia kwamba Kristo alijitoa mara moja tu, kwa nafsi yake mwenyewe, ili aziondoe dhambi. Hiyo ndiyo sadaka ya Misa, nayo haiongezewi thamani na mbuzi wala haipunguzwi na mayai matano. Kila abatizwaye ana sehemu katika ukuhani wa Kristo, na kwa hiyo ana haki ya kufika mbele ya altare na kile alicho nacho: jasho lake la wiki, ugonjwa wake, msiba wake, shukrani yake kwa mjukuu aliyepona. Asiyekuwa na kipaji mkononi aandamane na hivyo. Na mtu akimzuia mlangoni, hata akiwa mzee wa zamu, hata akiwa padre, amwambie bila woga kwamba amekuja kwa Mungu.

Leo mkifika kanisani, wakati wa vipaji, tazameni nani amebaki kitini kwa aibu. Mtoto mmoja aende akae karibu naye. Nanyi wenzetu mapadre, mnapopokea, kitazameni kikapu kidogo kuliko vyote, mkipokee kwa mikono miwili.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, wewe uliyeketi kulielekea sanduku la hazina ukamwona mjane ambaye hakuna aliyemwona, utupe macho yako. Uzipokee kazi za mikono yetu pamoja na mkate na divai. Uwasamehe watumishi wako waliocheka mahali walipopaswa kupiga magoti. Uwarudishe altareni wote tuliowaaibisha, wakiwa na vipaji vyao mikononi, ili sote kwa pamoja tuwe sadaka moja yenye kumpendeza Baba. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Twawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!